Treni za mfano: Uraibu unaotunza historia ya reli

WAPO watu wazima ambao jioni zao huzitumia kutandika juu ya meza reli zisizozidi upana wa kidole gumba, kisha wakapitisha juu yake treni inayoweza kutoshea mkobani. Wengi huwaona kama watu walioshindwa kuacha michezo ya utotoni. Hata hivyo, uraibu wa kuunda treni za mfano una kanuni zake, na kanuni hizo humlazimu mwenye kuufuata kuijua historia ya reli halisi kuliko abiria wa kawaida.

Chimbuko

Mwaka wa 1891, kampuni ya Märklin ya mji wa Göppingen, Ujerumani, ilionyesha katika maonyesho ya biashara ya Leipzig treni za kuchezea zilizotembea juu ya reli zenye vipimo maalumu. Kabla ya hapo, kila fundi alitengeneza kwa kipimo alichopenda. Sasa mnunuzi aliweza kuongeza vipande vya reli na mabehewa mwaka hadi mwaka, vyote vikaingiliana. Nchini Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza treni zake za kujazwa kwa ufunguo mwaka wa 1920.

Vipimo

Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani huitwa H0. Hapa kila kitu hupunguzwa mara 87, na umbali kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Ukizidisha 16.5 kwa 87 utapata takriban milimita 1,435, ambao ndio upana wa reli ya kawaida katika mataifa mengi.

Waingereza walipata tatizo. Injini zao halisi ni nyembamba kuliko za bara Ulaya, na mota za umeme za zamani hazikuweza kuenea ndani ya mfano uliopunguzwa mara 87. Hivyo walikuza umbo la treni hadi sehemu moja kwa 76.2, lakini reli wakaziacha zilivyokuwa. Kipimo hicho, kiitwacho 00, kina kasoro hadi leo: kikirejeshwa katika ukubwa halisi, reli zake zinakuwa na upana wa milimita 1,257 pekee. Baadhi ya mafundi hawakuridhika na kosa hilo, wakatengeneza reli zao wenyewe zenye upana wa milimita 18.83.

Reli ya Uganda

Anayetaka kuunda mfano wa reli za Kenya hukumbana na historia tangu hatua ya kwanza. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901, ilijengwa kwa upana wa mita moja. Upana huo ulikuwa ukitumika sana India, na kwa hivyo injini, vifaa na mafundi waliouzoea waliweza kuletwa kutoka huko. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walifariki.

Mfano wa reli hiyo kwa H0 huhitaji reli za upana wa milimita 12. Reli ya kisasa ya SGR, iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017, ina upana wa milimita 1,435, hivyo hutoshea kwenye zile za milimita 16.5. Mkenya atakayeweka njia zote mbili juu ya meza moja atakuwa ameonyesha enzi mbili za nchi yake bila kuandika neno.

Majabali ya mvuke

Injini inayowavutia wengi ni Garratt ya daraja la 59. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliunda 34 za aina hiyo kati ya 1955 na 1956 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, nazo zikapewa majina ya milima ya eneo hili. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Mhandisi Herbert William Garratt alibuni mtindo huo kwa kuning'iniza tangi la kuchemshia maji kati ya mitambo miwili yenye magurudumu, kila mmoja ukiweza kujigeuza peke yake. Kwa njia hiyo uzito ulisambazwa juu ya ekseli nyingi, na jitu hilo likaweza kupinda kona huku likivuta mizigo kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu.

Ukiipunguza mara 87, injini hiyo yenye urefu wa zaidi ya mita 30 hubaki sentimita 36 hivi. Uzito nao hupungua kwa urefu, upana na kimo, yaani mara 87 mara tatu; tani 252 zikawa chini ya nusu kilo. Ndiyo maana mafundi huongeza vipande vya risasi ndani ya injini ndogo, ili magurudumu yasiteleze.

Daftari la kumbukumbu

Kufikia mwaka wa 1980 Garratt hizo zilikuwa zimeondolewa kazini, na nyingi zikaishia kuwa vyuma chakavu. Mount Gelai na Mount Shengena zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka wa 1971.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Stesheni ndogo zilizoachwa ukiwa kando ya njia ya zamani, matangi ya maji na nyumba za wafanyakazi hazina makumbusho ya kuzitunza. Anayetaka kuanza uraibu huu hahitaji kwanza kununua injini ghali. Kwa utepe wa kupimia, kamera, daftari, na baada ya kupata idhini ya wenye mali, anaweza kupima jengo moja na kuliunda kwa kadibodi. Siku jengo lenyewe litakapobomolewa, vipimo vyake vitakuwa vimebaki.