Mgawanyo wa Mali Baada ya Talaka Tanzania Bara

Ndoa inapovunjika Tanzania Bara, mahakama huwa na maswali matatu ya kujibu: nani achukue nini katika mali iliyochumwa, watoto wakae na nani, na nani awatunze. Sheria inayotumika leo imejengwa polepole tangu miaka ya 1960, na jambo lililobishaniwa zaidi ni thamani ya kazi ya nyumbani, ambayo aghalabu mke huifanya bila ujira wala stakabadhi.

Kabla ya 1971, kila ndoa ilivunjwa kwa sheria yake. Waislamu walifuata sheria ya dini: mke aliondoka na mahari yake na mali aliyokuwa nayo kwa jina lake, akatunzwa kipindi cha eda, na kilichobaki kikawa cha mume. Waliofunga ndoa ya Kikristo au ya kiserikali waliangukia sheria zenye asili ya Uingereza, ambako aliyelipia mali au kuandikwa kwenye hati ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye mali. Wengine wote walifuata mila. Mwaka 1963 serikali ilitangaza mkusanyo wa sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mkusanyo huo uliwahesabu watoto kuwa wa upande wa baba, na ukaeleza lini mahari irudishwe na kwa kiasi gani. Mke aliyelima shamba la mumewe kwa miaka mingi angeweza kurudi kwao karibu mikono mitupu.

Mwaka 1969 serikali ilitoa Waraka Na. 1 wenye mapendekezo ya kuunganisha sheria za ndoa, ukifuata kwa sehemu kubwa kazi ya tume iliyokuwa imechunguza suala hilohilo Kenya. Matokeo yake ni Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Zanzibar haikuingizwa. Chini ya sheria hiyo, shauri la talaka hupitia kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakama hutazama kama ndoa imevunjika kiasi cha kutoweza kurekebishika. Mahakama ya Mwanzo nayo ilipewa mamlaka ya kusikiliza mashauri hayo, hivyo mtu wa kijijini hakulazimika kufunga safari hadi Mahakama Kuu.

Mali iliwekwa katika kifungu cha 114. Mahakama inaweza kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, ikizingatia mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hayo inatakiwa kuelekea kwenye usawa. Hata mali ambayo mmoja alikuja nayo huingia kwenye hesabu iwapo mwenzake ameiendeleza kwa kiasi kikubwa.

Neno «kazi» ndilo lililowagawa majaji. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu waliona kuwa kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke na si mchango katika mali. Wengine waliona kuwa mume asingeweza kuchuma kama hakuna aliyeshika nyumba. Mahakama ya Rufani ilimaliza mabishano hayo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imemnyima mke sehemu ya nyumba kwa hoja kwamba yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Jaji Mkuu Francis Nyalali alieleza kuwa sheria ya 1971 ilitungwa kuondoa unyonge wa mwanamke katika ndoa, kwa hiyo kazi za nyumbani ni sehemu ya juhudi za pamoja. Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kuwa fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara alizitapanya, na rufaa yake ikatupwa. Kanuni ndiyo iliyobaki, ikawafaa waliokuja baada yake.

Kwa upande wa watoto, sheria ya 1971 iliweka maslahi ya mtoto mbele ya madai ya ukoo. Mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa anafaa kukaa na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Jukumu la matunzo liliwekwa kwanza kwa baba. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliimarisha haki ya mtoto kutunzwa na wazazi wote wawili.

Ardhi ilifuata mwaka 1999. Sheria ya Ardhi Na. 4 inatambua kuwa mwenza aliyetia jasho lake katika kuzalisha, kutunza au kuendeleza ardhi iliyo kwa jina la mwenzake anapata haki ndani yake. Nyumba ya ndoa nayo haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza.

Kenya ilichelewa zaidi. Kwa miongo kadhaa mahakama zake zilitumia sheria ya Uingereza ya 1882, hadi Sheria ya Mali za Ndoa ya 2013 ilipotaja waziwazi kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa usawa wa wanandoa hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia.

Tanzania nako uthibitisho ndio mzigo uliobaki. Hati ya nyumba huonyesha jina moja, na risiti za saruji na mabati huwa za aliyelipa. Mke asiye na karatasi hutegemea mashahidi: jirani aliyemwona akichota maji ya kufyatulia matofali, fundi aliyekula chakula alichopika wakati msingi unachimbwa, balozi anayejua shamba lilikuwa pori mwaka gani na nani alilifyeka. Anayekosa mashahidi hao anaweza kuondoka na kidogo, ingawa sheria imeitambua kazi yake tangu 1983.