Jina Lililo Jaladani

Jumamosi asubuhi, hodi ikipigwa kwenye geti la nyumba za kupanga hapa Gatongora, mara nyingi huwa ni watu wawili waliovaa nadhifu, mkononi wana Mnara wa Mlinzi, gazeti la Mashahidi wa Yehova. Ni gazeti jembamba. Wengi hutazama picha ya jaladani. Mimi hutazama jina, maana humo mna ugomvi wa zaidi ya miaka 140.

Lilianza Marekani, Julai 1879, kwa nakala 6,000. Mwanzilishi ni Charles Taze Russell wa Pittsburgh, muuza nguo. Kabla ya hapo alikuwa akigharamia jarida la mwenziwe, Nelson Barbour, liitwalo Herald of the Morning. Barbour alikuwa mmoja wa waliomngoja Kristo Oktoba 22, 1844, kwa hesabu za mhubiri William Miller. Hakuja. Barbour akapiga hesabu upya, akafika 1873, kisha 1874. Mwaka huo ulipopita nao, msomaji wake mmoja akaona kwamba neno la Kigiriki parousia limetafsiriwa katika nakala yake ya Agano Jipya kuwa “kuwapo”, si “kuja”. Basi Kristo amekwisha kufika, wakasema, ila haonekani. Wakangoja kunyakuliwa mwaka 1878, wakabaki papa hapa duniani. Kungoja namna hiyo si jambo la kuchekwa.

Hapo Russell na Barbour wakatengana. Barbour aliandika akikana kwamba kifo cha Kristo kililipia dhambi za watu. Russell hakuvumilia, akaondoa fedha zake na kuanzisha Zion's Watch Tower and Herald of Christ's Presence. “Kuwapo” kukakaa jaladani karibu miaka 60. Fundisho la kuwapo kwa Kristo likaja kuhama kutoka 1874 hadi 1914, na mwaka 1939 neno hilo likatolewa. Ufalme ukashika nafasi yake.

Afrika nayo ilikuwa na yake ya kungoja. Huko Nyasaland (Malawi ya leo), mwaka 1908 na 1909, Elliot Kamwana, aliyeeneza mafundisho ya Russell, alibatiza watu wapatao 10,000 akiwahubiria kwamba 1914 utaleta mwisho wa kodi na wa utawala wa wazungu. Serikali ikamfukuza nchini. Kongo, neno “tower” la jina la gazeti likageuka Kitawala, jina la vuguvugu, likagusana na “kutawala”, na wakoloni Wabelgiji wakaelewa vizuri kinachosemwa. Uasi wa Kitawala huko Masisi na Lubutu mwaka 1944, chini ya kiongozi wao Bushiri, ulizimwa kwa damu. Mashahidi wa Yehova wenyewe wanasema Kitawala si wao.

Kwetu Kenya vitabu vyao viliingia mwaka 1931, vikiletwa na ndugu wawili kutoka Afrika Kusini, Gray na Frank Smith. Usajili ulipatikana 1962. Mwaka 1973 wakapigwa marufuku kwa muda mfupi. Wakati huo wengi wao, duniani kote, walikuwa wakiutazamia mwaka 1975 kuwa ndio mwisho. Nao ukapita.

Machi 1980 gazeti lilelile likachapisha majuto, likiwataja pia wale waliohusika kuandika maneno yaliyojenga tumaini hilo.