Ukoo wa Waliokombolewa

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, nao wakafanya kijiji Masasi. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara wakakiteketeza, wakachukua mateka, na jamaa wakatawanyika.

Sisi wa Nanganga tulio uzao wao tulitafuta ukoo wetu. Kitabu cha ubatizo kilitupa jina la bibi na mwaka, bali hakikutaja ukoo wa mama yake. Nasi Wayao na Wamakua twahesabu ukoo kwa mama, wala wa ukoo mmoja hawaoani. Tukawaendea wazee. Mama mkubwa mmoja akautaja mara moja, maana kwa ajili ya ukoo huo alikatazwa mchumba ujanani.

Ndugu wasomaji, waulizeni wazee wangali hai, mkaandike.