Johnny Oduya: Jamaa Mwenye Damu ya Kenya Aliyebeba Stanley Cup Mara Mbili

Ukiita "Oduya!" kwa stage yoyote ya Nyanza, kuna msee ataitika. Lakini hilo jina pia limechongwa kwa Stanley Cup, kombe kubwa zaidi kwa hoki ya barafuni, na limechongwa mara mbili. Mwenye jina ni Johnny Oduya, beki wa Sweden ambaye babake ni Mkenya. Kama uko Kenyenya na barafu pekee unayojua ni ya friji ya duka ama mvua ya mawe inayopiga majani chai, tulia. Hii story iko na kitu yako.

KWA UFUPI

Jina: Johnny Oduya
Kuzaliwa: 1 Oktoba 1981, Stockholm, Sweden
Wazazi: Baba Mkenya, mama Mswidi
Namba: Beki
Timu za NHL: New Jersey Devils, Atlanta Thrashers, Winnipeg Jets, Chicago Blackhawks, Dallas Stars, Ottawa Senators, Philadelphia Flyers
Makombe: Stanley Cup 2013 na 2015
Olimpiki: Medali ya silver, Sochi 2014

KWANZA, HII GAME INACHEZWAJE?

Kila timu inaingiza wachezaji sita: kipa mmoja, mabeki wawili na mafowadi watatu. Kati ya hao mafowadi, mmoja anacheza katikati na wawili wanashika pembeni, kama tu mawinga wa soka. Hakuna mpira. Kuna kisahani kigumu cha raba kinaitwa paki, na kikipigwa na fundi kinapita kilomita 150 kwa saa. Game ni vipindi vitatu vya dakika 20.

Kitu inashtua watu wa soka ni hii: hakuna mtu anacheza mfululizo. Mchezaji anaingia, anachapa kazi kama sekunde 45 hivi, anatoka kupumua, mwingine anaruka ndani bila game kusimama. Fowadi analipwa kufunga na kukimbiza paki kule mbele. Beki kama Oduya kazi yake ni kuzima hao mafowadi, kisha kuanzisha move akiwa nyuma. Sifa nyingi huenda kwa mafowadi, na hiyo itamfuata Oduya career yake yote.

KUTOKA STOCKHOLM HADI NEW JERSEY

Johnny hakuwa peke yake kwa barafu. Brathe wake mkubwa, Fredrik, pia alikuwa beki, na alichaguliwa na San Jose Sharks 1997. Wasee wawili wenye jina la Kenya, kwa game ambayo watu weusi walikuwa wa kuhesabu na vidole. Fredrik hakuwahi kucheza NHL, na 2011 alifariki kwa ajali ya pikipiki.

Johnny mwenyewe hakuwa supastaa wa utotoni. Akiwa kijana alienda Canada kutafuta nafasi kwa ligi ya vijana. Washington Capitals wakamchagua 2001, lakini namba 221, yaani karibu mwisho wa orodha. Hapo ndio wengi hupotea. Yeye alirudi Sweden, akacheza kwa klabu za nyumbani kama Djurgården na Frölunda, akanoa game polepole. Capitals hawakuwahi kumtumia hata game moja.

Mlango ulifunguka 2006, New Jersey Devils walipomsaini. Wakati huo alikuwa anagonga miaka 25, umri ambao vipaji wengi wa hoki tayari wako na misimu kadhaa NHL. Cheki hapo vizuri: miaka mitano baada ya kuchaguliwa ndio akapata jezi.

KUUZWA NDIO MAISHA

NHL haikuulizi kama unataka kuhama. Timu zikikubaliana, unaamka ukiwa mtu wa mji mwingine. Februari 2010, Devils walitaka fowadi hatari, Mrusi Ilya Kovalchuk wa Atlanta Thrashers. Bei ya huyo fowadi mmoja ilikuwa kikapu kizima, na Oduya alikuwa ndani ya kikapu. Akapelekwa Atlanta. Mwezi huo huo akavaa jezi ya Sweden kwa Olimpiki ya Vancouver.

2011 klabu yenyewe ya Atlanta ikauzwa na kuhamishwa hadi Winnipeg, Canada, mji ambao baridi yake si ya sweta moja. Oduya akahama nayo. Halafu tarehe 27 Februari 2012, Chicago Blackhawks wakamchukua. Hapo ndio mambo yakaiva.

SEKUNDE 17 ZA BOSTON

Msimu wa 2013 ulikuwa mfupi, game 48 badala ya 82, kwa sababu wenye timu na wachezaji walikuwa wamegombania doo. Chicago walianza na game 24 bila kupoteza hata moja ndani ya muda wa kawaida. Oduya alipangwa na Mswidi mwenzake Niklas Hjalmarsson, na kazi yao ilikuwa kubana mafowadi wakali wa upande ule mwingine.

Fainali ilikuwa dhidi ya Boston Bruins. Game ya sita, tarehe 24 Juni 2013, Boston wakiwa nyumbani walikuwa wanaongoza 2-1 na dakika imebaki moja na ushee. Bryan Bickell akasawazisha. Sekunde 17 baadaye Oduya akaachilia shuti kutoka mbali, paki ikamguza Michael Frolik, ikagonga mwamba, na fowadi Dave Bolland akaimalizia. 3-2. Kombe likaenda Chicago.

Watu wanakumbuka Bolland, na ni haki yake. Lakini shuti ilianzia kwa kijiti cha beki mwenye jina la Kenya.

2015 wakarudia, safari hii wakichapa Tampa Bay Lightning. Beki Michal Rozsival alikuwa amevunjika kifundo cha mguu njiani, kwa hivyo kocha akategemea mabeki wanne kubeba mzigo mzito, Oduya akiwa mmoja wao. Katikati ya hayo makombe mawili kulikuwa na Sochi 2014, ambapo Sweden ilifika fainali ya Olimpiki ikapigwa 3-0 na Canada. Silver si kitu ya kudharau.

Baada ya kombe la pili, Dallas Stars walimpa kandarasi ya miaka miwili ya dola milioni 7.5. 2017 akarudi Chicago kidogo, akapitia Ottawa, akamalizia Philadelphia 2018. Kwa jumla alicheza zaidi ya game 800 za NHL. Kwa mtu aliyechaguliwa namba 221, hiyo ni kazi safi.

NA HUKU KWETU JE?

Hapa ndio pana uzito. Oduya alikulia Stockholm, mahali viwanja vya barafu viko mtaani kama vile viwanja vya soka viko kwetu. Kenya, story ya hoki ya barafuni imezunguka barafu moja: ile ya Panari Hotel, Mombasa Road, Nairobi, iliyofunguliwa 2005. Na ni ndogo sana ukilinganisha na uwanja wa NHL wenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26.

Hata hivyo wasee hawakungoja. Kenya Ice Lions walijengwa hapo, wengi wao wakitokea kwa viatu vya magurudumu barabarani. Tatizo lao kubwa lilikuwa kukosa wapinzani, walikuwa wanacheza wao kwa wao. 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwapeleka Canada wakacheza game yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, na wakashtukia mafowadi wawili wakubwa duniani, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wamevaa jezi ya Kenya kuwasaidia. 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la hoki ya barafuni, IIHF.

Sasa fikiria mtoto wa Kenyenya mwenye miguu ya mbio na roho ngumu. Gusii ishatoa Naftali Temu, aliyeleta dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, mita 10,000, Mexico 1968. Temu alihitaji barabara na pumzi. Mtoto wa hoki anahitaji barafu, viatu, kofia ngumu, kijiti, na nauli ya kufika Nairobi kila wiki. Kipaji kinaweza kuwa kile kile, gharama ya kukianzisha ndio tofauti.

Njia iliyo karibu ni ile Ice Lions walitumia: viatu vya magurudumu na lami tambarare. Usawa wa mwili, kugeuka na kusimama ghafla unajifunza hapo, barafu inakuja baadaye. Na ukikawia kuonekana usijali sana. Oduya alikawia pia, na bado kombe lilimpata.