Nani alitutoa kwenye lupu?

Wengi tukianza R tunaandika lupu: chukua maksi za wa kwanza, ongeza 5, nenda wa pili, mpaka mwanafunzi wa 300. Kumbe ukiandika maksi + 5 wote wameshapata! Ufupi huu una historia, ngoja niwape.

Miaka ya 1950 pale Harvard, Marekani, Kenneth Iverson alibuni alama za hesabu za kufundishia. Kwake orodha nzima ya namba ilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1962 zikatoka kitabuni, na 1966 kompyuta za IBM zikawa zinazitumia kama lugha, APL. Yaani yalianza maandishi ya watu, mashine ikafuata!

Mwaka 1976 John Chambers na wenzake wa Bell Labs hawakutaka tena kuandika programu ya Fortran kwa kila kiswali cha takwimu. Wakaanza lugha ya S, mengine wakaazima kwa APL. Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Auckland, New Zealand, wakaifuata S wakaunda R, na 1995 wakaiachia bure.

Lupu haijafa, jamani. Ipo chini kwa chini, imeandikwa kwa C, ndiyo maana inakimbia. Na hesabu ambayo kila hatua inategemea jibu la hatua iliyopita, mara nyingi bado inaitaka.

Basi kabla hujaiandika jiulize: swali langu ni la namba mojamoja, au la orodha nzima? Iverson alishachagua zamani. Haya, tukutane maabara!