Machozi, Jasho na Damu: albamu iliyomcheka mgombea, ikatucheka na sisi

Juzi nilikuwa cafe hapa Kirumba, dogo mmoja kiti cha pembeni akaniuliza, "Kaka, hivi huu msemo wa ndio mzee ulianzia wapi?" Yeye alidhani ni maneno ya mtaani tu yasiyo na mwenyewe. Nikaona isiwe tabu, ngoja niandike yote sehemu moja ili anayetafuta ayakute.

KWA UFUPI
Albamu: Machozi, Jasho na Damu
Msanii: Professor Jay, jina halisi Joseph Haule
Mwaka: 2001
Prodyuza: P-Funk Majani, studio ya Bongo Records, Dar es Salaam
Baadhi ya nyimbo: Ndio Mzee, Bongo Dar es Salaam, Piga Makofi, Jina Langu

ILIKOTOKEA
Kabla ya kutoka peke yake, Jay alikuwa na kundi la Hard Blasters, wale wa Chemsha Bongo. Enzi hizo wazazi wengi walikuwa wanaona bongo flava ni muziki wa wahuni. Mtoto akikamatwa na daftari la mashairi nyumbani ni kesi. Albamu hii ni mojawapo ya kazi zilizowafanya hata watu wazima wakae wasikilize, kwa sababu ilikuwa inaongea mambo yao.

Jina lake linafanana na maneno aliyosema Churchill bungeni Uingereza mwaka 1940, pale alipowaambia watu wake kwamba hana cha kuwapa zaidi ya damu, kazi, machozi na jasho. Angalia tofauti sasa. Churchill aliahidi shida. Mgombea wa kwenye wimbo wa Jay anaahidi raha tupu!

WIMBO WENYEWE
Ndio Mzee hauna tusi hata moja, na hautaji chama wala jina la kiongozi. Jay anavaa viatu vya mwanasiasa aliyepanda jukwaani kuomba kura. Anaahidi, halafu anauliza wananchi kama wamemwelewa, na wananchi wanaitikia "ndio mzee". Basi, mchezo mzima ndio huo.

Utamu uko kwenye namna ahadi zinavyopanda. Anaanza na mambo ya kawaida ambayo kila mgombea anayasema. Halafu zinaanza kunenepa, mpaka wanafunzi wanaambiwa watakwenda kufanya mazoezi yao ya sayansi mwezini, na mabomba yatatoa maziwa. Na umati bado unaitikia vilevile, kwa sauti ileile! Hapo ndipo unapogundua kwamba anayechekwa siyo mgombea peke yake. Anachekwa na yule anayeitikia.

Halafu fikiria lile neno "mzee". Kwetu mtu mzima akiongea humkatishi, na ukimjibu unajibu kwa adabu. Ni malezi mazuri. Lakini mwanasiasa anajua hilo, anakuja na adabu yako anaifanya ngazi. Kumwambia mzee "hapana, hiyo haiwezekani" mbele ya watu mia tano ni kazi nzito kuliko kumpa kura.

ZAMA ZA TAKRIMA
Ili uelewe kwa nini wimbo uliwagusa watu, lazima ujue wakati wake. Vyama vingi vilirudi nchini mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1995, wa pili 2000. Albamu imetoka mwaka mmoja tu baada ya huo wa pili, yaani ahadi zilikuwa bado za moto masikioni.

Tena mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu kitu kilichoitwa takrima. Mgombea akitoa kwa nia njema, kama ukarimu wa kimila, haikuhesabiwa kuwa ni rushwa. Sasa nani atapima nia ya mtu? Pilau ni pilau. Mashirika ya kutetea haki yakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Kwa hiyo wimbo ulipotoka, chakula cha kampeni kilikuwa na baraka za sheria.

WENZAKE KWENYE KAZI HII
Jay hakuwa peke yake. Tanga walikuwepo Wagosi wa Kaya, Mkoloni na Dr. John, waliochekesha kwa lafudhi ya kwao huku wakichoma kwelikweli. Wimbo wao wa Wauguzi ulisema jinsi wagonjwa wanavyojibiwa hospitali. Kenya mwaka huohuo wa 2001, Eric Wainaina alitoa albamu ya Sawa Sawa yenye Nchi ya Kitu Kidogo, kuhusu rushwa. Na hapa kwetu Mwanza, Jiji la Miamba, baadaye akaja Fid Q na albamu ya Propaganda mwaka 2009.

KILICHOFUATA
Jay mwenyewe aliendeleza stori. Alitoa Siyo Mzee, ambapo wananchi wamechoka na sasa wanakataa. Halafu mwaka 2015 likatokea ambalo wengi hawakulitegemea: Joseph Haule akagombea ubunge jimbo la Mikumi, Morogoro, kwa tiketi ya Chadema, na akashinda! Mtu aliyemwigiza mgombea naye akapanda jukwaani kuomba kura za kweli. Alikaa bungeni hadi 2020, uchaguzi wa mwaka huo akashindwa. Mwaka 2022 aliugua sana, alilazwa Muhimbili, nchi nzima ikamwombea, na Mungu akamjalia akapona.

Wapo wanaosema kuingia bungeni kuliuharibu wimbo. Mimi sikubaliani nao. Wimbo haukusema siasa ni mbaya. Ulisema usiitikie kitu ambacho hujakipima. Kipimo hicho kinamhusu mgombea yeyote, hata aliyeutunga.

Na msidhani dhihaka imekuwa rahisi siku hizi. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake wa Wapo, ukafungiwa, halafu Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Umeona? Kufungwa kwa amri, kufunguliwa kwa amri.

MIMI NA NDIO MZEE
Sasa nikiri kitu. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kanda ya albamu hii, na nilikuwa naijua kwa kichwa kabla sijamaliza shule ya msingi. Nilikuwa nacheka wale wa kwenye wimbo, nawaona washamba.

Nilipomaliza form four nikawa nashinda Mwaloni kubeba magunia ya dagaa. Kipindi cha kampeni akaja mgombea mmoja, jina naliacha. Akasema vijana wote wa pale tutapata mikopo, boti, na ofisi yetu. Wote! Mimi hesabu najua, nilijua haiwezekani. Lakini kofia nilikuwa nimeshapewa, jua lilikuwa kali, na wenzangu wote walikuwa wanaitikia. Na mimi nikaitikia, tena kwa nguvu.

Usiku nimerudi nyumbani nimevaa kofia yangu, kaka akaniangalia, hakusema neno. Akaweka ile kanda. Aisee, nilicheka kidogo mwanzoni, halafu nikaivua ile kofia. Boti mpaka leo sijaiona.

Ndiyo maana nasema albamu hii siyo ya zamani. Kama hujaisikia, itafute uisikilize yote mpaka mwisho, siyo wimbo mmoja. Na safari ijayo ukiwa kwenye mkutano, kabla hujafungua mdomo kuitikia, jiulize swali moja tu: hayo maziwa yatatoka bomba gani?

Haya wadau, wewe ulishawahi kuitikia nini? Semeni ukweli, hapa hatuchekani... au tunachekana kidogo tu.