Imigongo

Kigali huwezi kuikwepa sanaa ya imigongo. Imo kwenye kuta za hoteli, foronya za mito, vikapu, mashati, hata majalada ya daftari. Moses Turahirwa, mwanzilishi wa nyumba ya mitindo ya Moshions, ameihamishia kwenye mavazi ya heshima. Asili ya sanaa hii ni Gisaka, mashariki ya Rwanda, ambako masimulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanza kupamba hivyo kuta za nyumba yake. Hadi leo kina mama wa Nyakarambi, wilayani Kirehe, huchanganya kinyesi cha ng'ombe na jivu, kisha huujenga mchanganyiko huo juu ya ubao kwa vidole, mstari baada ya mstari. Ukikauka husuguliwa, ndipo zipakwe rangi: nyeusi, nyekundu, nyeupe.

Umugongo wa Kinyarwanda ndio mgongo wetu, na imigongo ni migongo. Ipitishie mkono utajua kwa nini: mistari imeinuka kama matuta ya viazi.

Katika Kiswahili naona tuibakize i ya mwanzo, msomaji ajue ni sanaa hii inayotajwa. Upatanisho haubadiliki: imigongo hii, imigongo mizuri. Ila daftari lenye mchoro uliochapwa tu, hata likipendeza namna gani, ni bapa. Hilo ningeliita daftari la nakshi za imigongo, jina lenyewe nikawaachia wanaoinua mistari kwa vidole vyao.